Wa Mbegu au Koko: Mbwa Gani Aingie Nyumbani Kwenu?

Mmehamia kwenu, mnataka mbwa, halafu mnagundua kila mmoja ana mbwa wake kichwani. Kabla hamjafungua pochi, kaeni chini msome hii pamoja.

Ugomvi wetu wa kwanza katika nyumba mpya haukuwa wa pesa, wala wa ndugu, wala wa simu iliyoita usiku. Ulikuwa wa mbwa.

Tulihamia Goba nyumba ikiwa bado haijaisha, kama wengi wetu tunavyofanya ili kuikimbia kodi ya mwenye nyumba. Vyumba viwili vina vigae, sebule saruji tupu, geti lipo lakini ukuta wa nyuma bado ni matofali yaliyopangwa tu. Wiki ya tatu wezi wakaingia usiku, wakang'oa pampu ya maji. Asubuhi mume wangu akasimama pale lilipokatwa bomba, mikono kiunoni, akasema, "Tunahitaji mbwa."

Nikamjibu, "Mbwa si tunaye?"

Na kweli tulikuwa naye. Wakati wa ujenzi palikuwa na mbwa jike mwembamba, wa rangi ya kijivu, aliyependa kulala juu ya mifuko ya saruji. Mafundi wakampa jina hilo hilo, Saruji, wakawa wanamtupia ukoko wa ugali. Walipoondoka, yeye hakuondoka. Hakuna aliyemnunua wala aliyemwalika.

"Yule?" mume wangu akacheka. "Yule ni koko, mke wangu. Mimi nazungumzia mbwa. German Shepherd, pyua. Halafu huyo koko wako alikuwa wapi pampu inang'olewa?"

Hapo nikachemka. "Alibweka! Alibweka karibu robo saa. Wewe ndiye uliyefungua dirisha ukamwambia anyamaze."

Usiku ule tulilala kila mmoja kageukia ukuta wake.

Nilipowasimulia wenzangu ofisini wakacheka, lakini mmoja mmoja wakaanza kusema ya kwao. Kuna aliyenunuliwa kijimbwa cha manyoya mengi kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, sasa kinahema mchana kutwa kwa joto la Dar. Kuna ambaye mchumba wake alimwambia waziwazi, "Mimi na huyo koko, chagua." Kumbe swali la mbwa wa damu safi au mchanganyiko si la Wazungu tu. Limeingia kwenye nyumba zetu, na linakuja limebeba mambo mengine: hadhi, usalama, pesa, na nani mwenye sauti ya mwisho ndani ya nyumba.

Kwanza tuelewane maneno

Mtaani tunawagawa mbwa mafungu mawili tu: wa kizungu na koko. Ukweli ni kwamba mafungu ni matatu, na ukiyachanganya utanunua usichokijua.

La kwanza ni mbwa wa damu safi, yule ambaye wauzaji humwita "pyua". Huyu ana mama na baba wa jamii moja, na mababu zake wameandikwa kwenye daftari la chama cha mbwa. Mambo haya ya madaftari si ya kale sana. Chama cha mbwa cha Uingereza, The Kennel Club, kilianzishwa mwaka 1873. Huyo German Shepherd ambaye mume wangu alikuwa anamwota amepata jina na daftari lake mwaka 1899 tu, pale ofisa wa zamani wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alipomnunua mbwa mmoja wa kuchungia kondoo, akamwita Horand von Grafrath na kumwandika wa kwanza kwenye orodha. Kabla ya hapo walikuwepo mbwa wa wachungaji wa mikoa mbalimbali ya Ujerumani, wenye maumbo na rangi tofauti.

Au chukua Rhodesian Ridgeback, yule mwenye mstari wa manyoya yaliyolala kinyume mgongoni. Sifa zake rasmi ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Mstari ule wa mgongoni haukutoka Ulaya. Ulitoka kwa mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika, waliochanganywa na mbwa wa walowezi. Yaani "pyua" wa leo ni chotara wa jana aliyeandikwa kwenye daftari.

Fungu la pili ni chotara, mtoto wa jamii mbili au zaidi. Hapa kwetu mara nyingi ni German Shepherd na mbwa wa mtaani, au German Shepherd na Rottweiler. Muuzaji mwaminifu atakwambia "hafu". Asiye mwaminifu atakwambia "pyua".

La tatu ndilo tunalolidharau: mbwa wa kienyeji. Wengi wetu tunadhani koko ni mbwa wa kizungu aliyeharibika, mchanganyiko wa mchanganyiko. Si hivyo. Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya vinasaba vya mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia, na wale wa Uganda walionekana kuwa karibu wote ni wa asili ya Kiafrika, na damu ndogo sana ya kigeni. Kwa hiyo mbwa wa kahawia anayelala chini ya mwembe kijijini kwenu anaweza kuwa na ukoo wa zamani kuliko huyo mwenye cheti. Kinachokosekana ni mtu wa kumwandikia cheti.

Unapolipia damu safi, unalipia nini?

Tusiwe wanafiki, mbwa wa damu safi ana faida yake. Faida hiyo ni kujua mapema. Ukimchukua mtoto wa German Shepherd wa kweli, unajua atafika kilo 30 hadi 40 akiwa dume, atapukutisha manyoya kwenye kila suruali nyeusi mliyo nayo, na atahitaji kazi na mazoezi kila siku. Ukimchukua Rottweiler, ambaye jina lake limetoka mji wa Rottweil huko Ujerumani alikokuwa akifanya kazi na wachinjaji na wauza ng'ombe, unajua unaleta mnyama mwenye nguvu za kumburuta mtu mzima. Kwa nyumba yenye mtoto mdogo, au yenye yadi ya hatua kumi, taarifa hiyo ni ya maana.

Kwa chotara unabahatisha zaidi. Mtoto mwenye sura ya mama anaweza kuja kuwa na ukubwa wa baba. Mwenye masikio yaliyosimama leo anaweza kuyalaza kesho. Kama mko tayari kwa lolote, sawa. Kama mmepanga nyumba ya vyumba viwili Sinza, fikirieni mara mbili.

Lakini hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Jamii ya mbwa inakueleza vizuri sura na umbo, si tabia. Mwaka 2022 jarida la kisayansi la Science lilichapisha utafiti mkubwa wa Marekani uliotumia majibu ya wamiliki wa mbwa zaidi ya 18,000. Watafiti waliona kwamba jamii inaeleza takribani asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Kinachobaki kinatoka kwingine, ikiwa ni pamoja na malezi na mazingira. Kwa hiyo mtu akikwambia "hawa wote ni wakali" au "hawa wote wanapenda watoto", mwambie asante, kisha muombe akuonyeshe mama yake.

Na afya je?

Nimesikia mara nyingi kwamba chotara haumwi. Nimesikia pia kwamba mbwa wa kizungu "ni wa hospitali". Ukweli uko katikati.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoa matokeo ya kupitia kumbukumbu za mbwa zaidi ya 27,000 wenye magonjwa ya kurithi. Waliangalia magonjwa 24. Kumi yalionekana zaidi kwa mbwa wa damu safi. Moja, kukatika kwa mshipa wa goti, lilionekana zaidi kwa mchanganyiko. Kumi na tatu yaliyobaki hayakujali ukoo. Kwa hiyo uchotara unapunguza hatari fulani, lakini si chanjo.

Matatizo ya damu safi yanatokana na kuzalishana ndugu kwa ndugu na kushabikia sura kuliko mwili. German Shepherd anajulikana kwa ugonjwa wa nyonga, ambapo mfupa wa paja haukai vizuri kwenye tundu lake na mbwa anazeeka akiburuta miguu ya nyuma. Mzalishaji makini huwapiga picha ya eksirei wazazi kabla ya kuwapandisha. Mbwa wenye pua bapa, kama Bulldog na Pug, hupata shida ya kupumua, na joto kwao ni hatari ya kweli. Mwaka 2008 televisheni ya BBC ilionyesha filamu ya uchunguzi kuhusu mateso haya, Pedigree Dogs Exposed. Mzozo uliofuata ulikuwa mkubwa kiasi kwamba BBC iliacha kurusha maonyesho maarufu ya mbwa ya Crufts kuanzia mwaka 2009. Sasa fikiria mnyama wa namna hiyo Februari ya Dar es Salaam, umeme umekatika na feni imesimama.

Na msidhani kuchanganya makusudi ni dawa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Mwaustralia Wally Conron alichanganya Labrador na Poodle ili kumpata mbwa wa kumwongoza mama mmoja kipofu wa Hawaii, ambaye mume wake aliathirika na manyoya ya mbwa. Nia ilikuwa njema. Lakini mbwa yule, Labradoodle, akawa fasheni, watu wakaanza kuzalisha bila kupima chochote, na Conron mwenyewe akaja kusema hadharani kwamba anajuta. Siku hizi chotara wa namna hiyo anauzwa ghali sana nchi za nje. Kwa hiyo neno "chotara" nalo linaweza kugeuzwa kuwa lebo ya kupandishia bei.

Rambo wetu

Sasa niwarudishe nyumbani. Baada ya siku kadhaa za kununiana nilikubali. Nilisema moyoni, ndoa si vita, mwache apate mbwa wake. Rafiki wa rafiki alikuwa anamjua muuzaji. Bei laki sita, "pyua kabisa, bro, baba yake ni wa polisi". Tulimchukua kando ya barabara, ndani ya boksi la kandambili, Jumamosi jioni. Mama yake hatukumwona. Kadi ya chanjo tuliambiwa italetwa. Umri tuliambiwa wiki nane. Wahenga walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini ukishampakata mtoto wa mbwa mwenye macho yale, wahenga unawasahau.

Tukamwita Rambo. Mume wangu alimtengenezea kibanda kwa mikono yake, mtu ambaye balbu hubadilishiwa na mimi. Kwa siku tano nyumba ilikuwa na raha. Siku ya sita Rambo akakataa maziwa. Jioni akaanza kutapika. Usiku akaharisha damu.

Daktari wa mifugo alipomwona hakuhitaji muda mrefu. "Dada, hii ni parvo. Alichanjwa lini?" Nikamtazama mume wangu, mume wangu akatazama sakafu. Daktari alimwangalia meno akasema huyu hajafika hata wiki sita, aliachishwa mama yake mapema mno.

Walimwekea dripu. Siku tatu tulipokezana, mimi naenda asubuhi kabla ya kazi, yeye jioni. Siku ya nne alfajiri wakatupigia simu.

Mume wangu alimzika mwenyewe nyuma ya nyumba. Nilimkuta amekaa juu ya tofali, na Saruji amelala pembeni yake, kidevu juu ya kiatu chake. Akasema, "Nilitaka tu ulale bila wasiwasi." Ndipo nikaelewa kwamba wiki zote zile mimi nilikuwa nagombana na majivuno yake, kumbe yeye alikuwa anapambana na hofu. Mwizi alikuwa amefika hatua chache kutoka dirisha la chumba chetu. Hakujua kusema "naogopa", akasema "German Shepherd".

Na mimi nilikuwa na langu la kukiri. Nilimtetea Saruji kwa maneno matupu. Miezi yote ile sikuwahi kumpeleka kwa daktari, sikuwa nimempa hata chanjo ya kichaa cha mbwa. Nilimpenda bure, kwa maana ya bila gharama.

Hapa kwetu, "pyua" ni neno tu mpaka uone

Kama bado mnataka mbwa wa damu safi, hakuna ubaya. Nunueni kwa macho. Kenya kuna East Africa Kennel Club, yenye makao Nairobi, inayoandikisha mbwa na kutoa hati za ukoo. Hati ya kweli inataja wazazi kwa majina na namba. Bila hati, kinachobaki ni maneno ya muuzaji na macho yenu. Na hata hati haisemi kama mtoto kachanjwa au mama yake ni mtulivu.

Kwa hiyo nendeni anakozaliwa, si barabarani. Muoneni mama akiwa na watoto wake. Kama mama ni mwoga kupindukia au anataka kumrarua kila mtu, mmeshaona tabia ya nyumbani. Uliza kuhusu baba. Mtoto asitoke kwa mama yake kabla ya wiki nane. Chanjo ya parvo na distempa huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike wiki 16. Kadi iwe na tarehe, stika ya chanjo na sahihi ya daktari, na namba ya daktari huyo mpigieni.

Kwa mnaofikiria chotara au mbwa wa kienyeji, masharti ni yale yale. Parvo haimuulizi mbwa kabila. Mbwa wa mtaani unayemwona leo ni mzima kwa sababu ndugu zake dhaifu walikufa wadogo, na hao hukuwaona. Wanaoishi Nairobi wana bahati ya kuwa na KSPCA, kituo cha hisani kinachotunza mbwa waliotupwa na kuwatafutia nyumba. Kwingine, muulizeni daktari wa mifugo wa karibu. Mara nyingi anajua nani ana mama mzuri anayekaribia kuzaa.

Na kama mbwa mmoja ameshakufa kwa parvo nyumbani, msikimbilie kuleta mwingine mdogo. Kirusi hiki hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka mzima penye kivuli. Sakafu na vyombo osheni kwa jiki, lakini udongo haupigwi deki. Leteni mbwa mkubwa aliyekwisha chanjwa, au subirini.

Mbwa ndani ya ndoa

Nimeshaona wanandoa wanaopanga rangi ya sofa kwa miezi mitatu, lakini mbwa wanamleta kwa siku moja. Sofa utaliuza. Mbwa mtakaa naye miaka kumi, pengine zaidi. Atakuwepo mtoto wa kwanza akizaliwa, atakuwepo mkihamishwa kikazi kwenda Mwanza.

Zungumzeni nani atapika chakula chake. Wengi wetu tunawapikia unga wa dona na dagaa au utumbo, na kilo 35 za mbwa hazishibi kwa ukoko. Kama jibu ni "dada wa kazi", basi dada aulizwe, na kama anaogopa mbwa tangu utotoni mlijue leo. Zungumzeni nani atamtembeza. Mbwa wa kazi akifungwa mnyororo kutwa, halafu afunguliwe usiku tu, hawi mlinzi bora, anakuwa na kichaa cha upweke. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa, awe koko au awe na cheti.

Zungumzeni pia kuhusu majirani na imani. Ukuta kwa ukuta nasi anaishi bi mkubwa mmoja Mwislamu, mtu wa swala tano, ambaye mate ya mbwa yakigusa nguo zake inabidi azitoharishe. Nilikwenda kumuamkia, nikamwambia tuna mbwa na tumejenga uzio wa ndani ili asitoke. Alishukuru kuambiwa. Kama mmoja wenu ndiye mwenye imani hiyo, au mama mkwe anakuja kukaa miezi mitatu kila mwaka, basi suala si mbwa wa aina gani, ni atakaa upande gani wa nyumba. Malizeni hilo kwanza.

Mambo saba ya kujibu mkiwa wawili

1. Tunamtaka wa nini? Wa kubweka, wa kutisha kwa sura, wa kucheza na watoto, au wa kututoa jasho asubuhi? Kwa kubweka tu, mbwa wa kienyeji anatosha kabisa.

2. Yadi yetu na ukuta wetu vikoje? Mbwa mkubwa na ukuta ambao haujaisha ni kesi polisi.

3. Hali ya hewa yetu ikoje? Manyoya mazito na pua bapa vinateseka Pwani. Arusha au Njombe ni hadithi nyingine.

4. Kwa mwezi tuna kiasi gani cha chakula, dawa ya kupe na minyoo, na akiba ya daktari? Kama bei ya kumnunua imemaliza akiba yote, mbwa huyo ni ghali kwenu.

5. Tumemwona mama yake? Kama hapana, hatununui. Hata kama rafiki wa rafiki ameapa.

6. Tutamhasi au kumfunga kizazi lini? Koko wengi wanaorandaranda mitaani walianza kama watoto wa mbwa wa mtu.

7. Chanjo ya kichaa cha mbwa iko kwenye kalenda ya nani? Ugonjwa huu dalili zikishaanza kwa binadamu ni nadra sana mtu kupona, na karibu wote wanaoupata huambukizwa na mbwa. Mtu aking'atwa, oshea kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, si kesho.

Sisi tuliishia wapi?

Wiki moja baada ya kumzika Rambo tulimpeleka Saruji kwa daktari, kwa bajaji, akiwa amefungwa kwa kanga yangu ya zamani. Alichanjwa, akapewa dawa ya minyoo, baadaye akafungwa kizazi. Daktari alimkadiria miaka mitatu. Mume wangu ndiye aliyemshika kichwa wakati wa sindano.

German Shepherd tulimpata baadaye, baada ya zaidi ya mwaka wa kusubiri. Mfanyakazi mwenzake mume wangu alikuwa na jike anayezaa, tulimtembelea mara mbili kabla ya kuchukua mtoto, mama yake akatunusa akarudi kulala. Anaitwa Malkia. Hana hati ya ukoo, na kama ni "pyua" kwa asilimia mia sijui, lakini kadi yake ya chanjo imejaa, na eksirei ya nyonga tutampiga akikomaa.

Ukuta wa nyuma sasa umeisha. Usiku Saruji ndiye anayesikia kwanza. Anabweka mara mbili, Malkia anaamka na kwenda kusimama getini na lile umbo lake. Juzi saa nane usiku walianza. Mume wangu akaamka, akafungua dirisha, nami nikasubiri nisikie atasema nini.

Hakuwaambia wanyamaze. Alichukua tochi, akatoka kwenda kuangalia.